Kamba Mbili na Mbwa Mmoja: Msaada kwa Mtoto Mwenye Usonji na Walio Nyumbani Kwake

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, wauguzi, na ninyi vijana wa vyuo ambao nashuku mmekuja kwa sababu tangazo limetaja mbwa,

Naanza na jambo ambalo mzazi wa mtoto mwenye usonji hana haja ya kuelezwa. Mtoto anachomoka. Mko sokoni, umemshika kiganja, unamwachia kidogo tu ulipe nyanya, ukigeuka hayupo. Hakukimbia kwa utundu. Huenda kaona feni inazunguka katika duka la ng'ambo ya barabara, au spika ya muuza kanda imemzidi masikioni akaenda kutafuta mahali pa kupumua, na bodaboda inayokuja kasi haimo kabisa katika hesabu zake. Mwaka 2012 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa familia zaidi ya 1,200 zenye watoto wa usonji. Karibu nusu ya watoto hao, asilimia 49, walikuwa wamejaribu kuondoka mahali salama bila ruhusa angalau mara moja baada ya kutimiza miaka minne, umri ambao ndugu zao wengi wamekwisha kuacha tabia hiyo. Robo ya watoto wote walipotea kwa muda wa kutosha kuwatia wakubwa hofu. Na hofu yenyewe wazazi waliitaja waziwazi: magari na maji.

Nitakayoyasema leo yanatoka katika tukio hilo dogo la sokoni. Watu wengi wakisikia habari ya mbwa wa kumsaidia mtoto mwenye usonji hufikiria mapenzi: mtoto asiyesema anamkumbatia mbwa, mbwa anamlamba, mtoto anatamka neno la kwanza, ukumbi mzima unalia. Hayo hutokea mara mojamoja na mimi siyakatai. Lakini kazi ambayo mbwa huyu amefundishwa kwa miezi mingi ni ya kawaida zaidi, na kwangu ina thamani zaidi. Anampa mzazi muda. Anampa sekunde barabarani, saa za usingizi usiku, na alasiri nzima ya kwenda mjini na watoto wote badala ya kuwagawa, mmoja abaki na baba na wengine wafuate mama. Usonji haumtoki mtoto. Familia ndiyo inayorudishiwa sehemu ya maisha yake, na mtoto anafaidi humo.

Historia yake ni fupi. Ujerumani walifungua shule ya mbwa wa kuongoza vipofu mwaka 1916, kwa sababu vita vilikuwa vinarudisha askari waliopofuka kwa wingi. Mwaka 1928 kijana kipofu wa Nashville, Morris Frank, alitoka Uswisi na mbwa wake Buddy, na mwaka uliofuata ikaanzishwa The Seeing Eye, shule ya kwanza ya namna hiyo Marekani. Miaka ya 1960 ilipoanza, mwanasaikolojia wa New York, Boris Levinson, aliwaeleza wenzake kwamba mtoto aliyekuwa hazungumzi naye alilegea mbwa wake Jingles alipokuwa chumbani. Walimcheka. Kwa watoto wenye usonji hasa, njia ilifunguliwa Kanada: National Service Dogs, shirika la Ontario lililoanzishwa 1996, ndilo linalotajwa kuwa la kwanza kufundisha mbwa kwa kazi hiyo. Huko Quebec shirika la MIRA, lililokuwa likihudumia wasioona tangu 1981, nalo likajiunga baadaye, na Ireland shirika la mbwa wa wasioona likaanza mpango wake mwaka 2005. Kwa hiyo ni fani changa. Wapo humu ndani watu wenye simu za umri mkubwa kuliko utafiti wake wa kwanza wa maana.

Sasa tuwatazame wakitoka nyumbani. Mbwa, mara nyingi Labrador au Golden Retriever wa kilo 25 hadi 35, anavalishwa koti la kazi lenye mpini mgongoni. Mtoto anafungwa mkanda kiunoni, au anavaa fulana yenye pete, na kamba fupi inaunganisha mkanda huo na koti la mbwa. Kamba ya pili inatoka kwa mbwa hadi mkononi mwa mzazi. Kamba mbili, mbwa katikati. Mtoto akipenda anashika mpini. Amri zote zinatoka kwa mtu mzima, wala mtoto hatakiwi kumwongoza mbwa, na mbwa haachiwi hata dakika moja kumwongoza mtoto peke yake. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wakiangalia picha: wanaona wawili, kumbe kazi ni ya watatu.

Wanafika ukingo wa barabara. Mama anatamka neno moja, mbwa anasimama. Upande wa pili linapita lori la kuzoa taka na kengele yake, mtoto anachomoka. Kamba inakaza. Mbwa wa kawaida angemfuata, maana mtu akikimbia mbwa hukimbia naye. Huyu amefundishwa kinyume cha silika yake: anakita miguu yote minne, anashusha kiuno nyuma, anakuwa kama kisiki. Mtoto wa kilo 18 hamburuti mbwa wa kilo 30 aliyeamua kutokwenda. Anajaribu, anavutwa nyuma na mkanda, anajaribu tena, na katika muda huo mama amekwisha kuinama na kumshika. Hakupiga kelele. Hakumvuta mtoto mkono hadi bega liume. Watu waliosimama kituoni hawakuona chochote cha kusimulia.

Fikirini pia kile asichofanya mama huyu. Hamshiki mtoto kiganja. Kuna watoto wenye usonji ambao kushikwa mkono ni mateso kwao, na kila safari inakuwa vita vya kiganja: huyu anakaza, yule anapinda. Mtoto huyohuyo anaweza kukubali mkanda kiunoni na mpini wa koti, kwa sababu hakuna ngozi inayobana ngozi yake na kwa sababu mpini hauna jasho wala haraka. Anatembea wima. Wazazi waliowahi kuvutana na mtoto wao kuanzia kituo cha daladala hadi mlango wa zahanati wanajua hilo lina uzito gani.

Watafiti wa Kanada waliwafuatilia kwa karibu familia 10 zilizopewa mbwa, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2008. Kilichotangulia vinywani mwa wazazi kilikuwa usalama, kisha uhuru wa kutoka, kisha jambo moja ambalo mimi sikulitarajia: namna wanavyotazamwa na watu. Mtoto akizidiwa na kelele akajilaza sakafuni mwa duka anapiga mayowe, macho yote humgeukia mama. Tunazijua sentensi zake. Huyu hakufunzwa. Mama huyu kamdekeza. Wengine huenda mbali zaidi, husema karogwa au mama kafanya jambo. Akiwapo mbwa mwenye koti la kazi, mpita njia anaelewa kwa kutazama tu kwamba hapa pana hali maalumu, na anapisha. Ni aibu kwetu kwamba binadamu anahitaji koti la mbwa ili asimhukumu mzazi mwenzake. Lakini linafanya kazi.

Ndani ya nyumba mbwa ana kazi nyingine. Usingizi wa watoto wengi wenye usonji ni mwepesi na mfupi; mtoto anaamka saa nane za usiku, anatembea, anafungua friji, anajaribu kitasa cha mlango wa nje. Mama analala na sikio moja wazi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Mbwa akilala chumbani mwa mtoto, baadhi ya watoto hutulia na kurudi kulala wakihisi mwili wa moto karibu nao. Hata yule asiyelala, mama anajua kwamba akiinuka, mbwa naye atainuka, na nyumba itasikia.

Kisha kuna kazi ya uzito. Mtoto anapozidiwa, kwa amri ya mzazi mbwa anakuja na kulaza kichwa na kifua chake juu ya mapaja ya mtoto, anakaa hapo kimya. Mgandamizo wa taratibu unaoenea mwilini huwatuliza baadhi ya watu wenye usonji. Mwenye habari hii kwa undani kuliko wote ni Temple Grandin, profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, naye mwenyewe ana usonji. Akiwa msichana katika ranchi ya shangazi yake Arizona aliwaona ng'ombe wakitulia ndani ya kibanio, kile ambacho wafugaji mliomo humu mnakitumia wakati wa chanjo, akaenda kujitengenezea kibanio chake mwenyewe cha mbao. Akawa anajibana humo mpaka hofu inapungua. Mbwa wa kilo 30 anafanya kazi hiyohiyo, na faida yake moja juu ya kibanio ni kwamba unaweza kuingia naye kwenye basi.

Wapo mbwa wanaofundishwa kumgusa mtoto kwa pua anapoanza kujigonga kichwa au kujiuma mkono, ili kumkatiza. Hapa nina neno. Kujiuma ni hatari, mkatizeni. Lakini mtoto anayepunga viganja mbele ya macho yake au anayezungusha kifuniko cha chupa hamdhuru mtu. Mara nyingi ndiyo njia yake ya kujituliza. Kumfundisha mbwa azuie hilo ili wageni wasione haya ni kumtumia mbwa kutibu aibu ya wakubwa. Watu wazima wenye usonji wamelisema hili mara nyingi, na sisi walimu tumechelewa kuwasikia.

Je, haya yamepimwa, au ni simulizi za wazazi wenye shukrani? Utafiti ninaoupenda ulitoka Montreal mwaka 2010, ukiwahusu watoto 42 waliopewa mbwa wa MIRA. Watafiti walipima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa ukiwa katika msongo. Waliipima katika mate, wala si katika damu, na mtu aliyewahi kumshika mtoto mwenye usonji mbele ya sindano ataona walivyofikiri vizuri. Kwa watu wengi kotisoli hupanda katika nusu saa baada ya kuamka. Kabla ya mbwa kufika, mate ya watoto hao yalionyesha mpando wa asilimia 58. Mbwa alipokuwa nyumbani ukashuka hadi asilimia 10. Kisha watafiti wakafanya jambo gumu: mbwa akaondolewa kwa muda. Mpando ukarudi asilimia 48. Kushuka na kupanda huko kumefuata kuja na kuondoka kwa mbwa, na ndiyo sababu utafiti huu unanikaa kichwani kuliko mwingine.

Msiubebe kupita uwezo wake, lakini. Kiwango cha kotisoli cha siku nzima hakikubadilika. Kilichobadilika ni ule mpando wa asubuhi. Wazazi walisema tabia sumbufu zilipungua, ila wazazi hao walijua kama mbwa yupo au hayupo, na mzazi aliyesubiri mbwa miaka miwili hawezi kuwa shahidi asiye na upande. Pia hatuwezi kutenganisha kwa urahisi mbwa na mama aliyelala usingizi. Mama akilala vizuri asubuhi yake huwa nyingine, na asubuhi ya mtoto hufuata. Mimi hilo halinisumbui. Kama mbwa amemsaidia mtoto kwa kumlaza mama, amesaidia.

Sasa upande usiopigwa picha.

Wapo watoto ambao mbwa hawafai kabisa. Mtoto ambaye masikio yake hayavumilii sauti ya ghafla hawezi kuishi na mnyama anayeweza kubweka wakati wowote, hata kama amefundishwa kunyamaza. Wengine harufu ya manyoya yaliyolowa huwatapisha. Grandin mwenyewe ameandika kwamba wapo wanaompenda mbwa papo hapo, wapo wanaomwogopa mwanzo kisha wakamzoea, na wapo watakaomkimbia siku zote. Ukitaka kujua mtoto wako ni wa kundi gani, mpeleke kwa jirani mwenye mbwa mpole, mara kadhaa, na mwende siku ya mvua pia.

Na mbwa naye? Watafiti walewale wa Kanada waliotazama familia 10 walimtazama vilevile mnyama mwenyewe. Walikuta mbwa wasiopata mapumziko ya kutosha, wanaochokonolewa na kuvutwa na watoto bila kukusudia, wasio na ratiba inayoeleweka wala nafasi ya kucheza. Mbwa anayelala chumbani mwa mtoto asiyelala yuko kazini saa ishirini na nne. Koti linapaswa kuvuliwa. Likivuliwa, mbwa ni mbwa: akimbie, anuse, abwekee paka. Familia isiyoweza kumpa hilo haijawa tayari kumpokea.

Kamba ya kiunoni ina ubishi wake. Baadhi ya mashirika yameiacha, yakihofia shingo na mgongo wa mbwa, na yakihofia zaidi siku mbwa atakaposhtuka yeye na kumburuta mtoto. Wapo watu wazima wenye usonji wanaouliza kama mtoto wa miaka kumi anayefungwa kwenye mnyama hadharani hakuvunjiwa heshima. Msimamo wangu ni huu: kwa mtoto mdogo asiyeijua hatari ya gari, kamba ni bora kuliko jeneza, na itumike mtu mzima akiwa ameshika kamba yake, daima. Kwa mtoto aliyekwisha kujifunza kusimama ukingoni, iondolewe siku hiyohiyo. Tena hesabu ya uzito haimsubiri mtu. Mtoto akifika kilo 40, mbwa hamzuii tena.

Gharama. Marekani na Kanada kumwandaa mbwa mmoja huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mtoto wa mbwa anazaliwa kwa wazazi waliochaguliwa kwa upole, analelewa mwaka mmoja au zaidi katika nyumba ya watu wa kujitolea, wakimzoesha ngazi za umeme, watoto wanaolia, sakafu zinazoteleza. Ndipo anaingia kwa wakufunzi kwa miezi kadhaa. Wengi huanguka njiani kwa kosa dogo kama kupenda mno kuwafukuza njiwa. Mashirika kama MIRA hayaitozi familia, huchangisha, na foleni hupimwa kwa miaka. Ndugu zetu walioko Marekani wanaosikiliza mhadhara huu kupitia jamaa zao nawaonya jambo moja: huko sheria haitaki cheti wala kitambulisho cha mbwa msaidizi. Mwenye duka anaruhusiwa maswali mawili tu, kama mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu na amefundishwa kazi gani. Kwa hiyo anayewauzia usajili na kadi yenye picha mtandaoni anawauzia karatasi. Na mbwa wa kufariji tu, ambaye hajafundishwa kazi mahususi, hana haki hiyo ya kuingia kila mahali.

Nije kwetu, maana naona nyuso za watu wanaoniuliza kimoyomoyo, mbwa ndani ya nyumba, mwalimu?

Naanza na dini kwa sababu mwambao wote utaanzia hapo. Mimi si sheikh, nitasema linalojulikana. Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu pwani tumelelewa nayo, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wamaliki wana rai nyepesi zaidi. Sura ya al-Maida inaruhusu windo la wanyama waliofundishwa, hivyo mbwa mwenye kazi si mgeni katika fikihi hata kidogo. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana kipofu kufika na mbwa wake. Mbwa alitengewa mahali pa kupumzika mlangoni, kijana akaingia kuswali. Waliokaa wakatafuta njia waliipata, bila mtu kuacha madhehebu yake. Na kama baada ya kuuliza moyo wa familia bado haukubali, basi wasilazimishwe. Nyumba ambayo bibi anasusa kuingia kwa sababu ya mbwa imempunguzia mama mikono miwili, na hakuna mbwa anayeifidia.

Hofu ya kichaa cha mbwa ni jambo jingine, na hii haina rai mbili. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani, asilimia 99, wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaonekana tiba hakuna. Mtaani kwetu mtoto hufundishwa kumpiga mbwa jiwe kabla hajafundishwa kusoma, na mafunzo hayo yana sababu yake. Mbwa yeyote atakayekaribia mtoto awe na kadi ya chanjo, na chanjo hurudiwa kwa tarehe alizoandika daktari wa mifugo.

Lakini asiniambie mtu kwamba kufundisha mnyama ni ufundi wa Wazungu. Nendeni Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na wakufunzi wake wengi ni vijana wa palepale. Panya akigundua harufu, kibonyezo kinalia, anapata uji wa ndizi. Akikosea, hakuna fimbo. Hapati ndizi, basi. Panya mmoja aliyefunzwa huko, Magawa, alipelekwa Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA kwa ushujaa. Usa River, karibu na Arusha, tangu 2014 wanafundishwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu pamoja na askari watakaofanya nao kazi. Baadhi yao wameshika doria Mombasa na Dar es Salaam. Subira ya kumfundisha mnyama kwa malipo badala ya kipigo tunayo. Tusichokuwa nacho ni vyote vinavyozunguka mafunzo: nyumba za kulelea watoto wa mbwa, mfuko wa kulipia dawa na chakula miaka kumi, mtu wa kuja nyumbani mbwa akianza kuharibika tabia, na barabara yenye mahali pa kutembelea miguu. Mbwa anayefundishwa kusimama ukingo wa njia ya miguu atasimama wapi pale ambapo njia yenyewe ni meza za mitumba na pikipiki zilizopaki?

Kwa hiyo siwaambii mkaagize mbwa Kanada. Nawaambia tuzichukue kazi zake moja moja tuone ipi inafanyika bila yeye. Mkanda wa kiunoni wenye kamba hadi mkononi mwa mama fundi cherehani anaushona kwa siku moja. Wenye kucheka wacheke. Komeo juu ya mlango, mahali mtoto hafiki, na kengele ndogo inayolia mlango ukifunguliwa. Uzito wa mapajani unapatikana kwa mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage, na mtoto aachwe aukatae akitaka. Kisima kifunikwe. Mtoto afundishwe kuogelea mapema, hasa kwenu mlio karibu na bahari na ziwa, kwa sababu maji yanawavuta watoto hawa na kuwaua. Picha na namba ya simu vikabidhiwe kwa muuza duka wa kona, kwa waendesha bodaboda wa kituo cha karibu na kwa mjumbe wa nyumba kumi: kijana wa bodaboda anayemjua mtoto kwa jina humrudisha haraka kuliko mbwa yeyote wa kunusa nyayo. Zamu za usiku zigawanywe. Akina baba mliopo, hilo la usiku ni lenu.

Walio na mbwa tayari uani, Moshi, Eldoret au Bukavu, wana njia ya katikati ambayo shirika la Dogs for Good la Uingereza limeifuata miaka mingi: badala ya kutoa mbwa aliyekamilika, huwakalisha wazazi katika warsha na kuwaonyesha jinsi mbwa wa kawaida wa nyumbani anavyoweza kusaidia. Mbwa anakuwa sababu ya kupiga mswaki, maana mbwa naye anapigwa brashi. Anakuwa sababu ya kutoka nje saa kumi kila siku, na ratiba isiyobadilika ni kitu ambacho watoto wengi wenye usonji hukishukuru. Anakuwa mada ya kuzungumza na mtoto wa jirani. Hana haki ya kuingia benki, wala hafungwi kamba na mtoto, maana hakufundishwa hilo. Ila mbwa mtulivu, mzima, aliyechanjwa, aliyepita umri wa kutafuna viatu, anaweza kufanya kazi kubwa kati ya sebule na geti.

Wanaotunga sheria nao nina neno nao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, katika kifungu cha 20 unazitaka nchi zirahisishe upatikanaji wa vifaa na wa wasaidizi walio hai kwa bei ambayo watu wanaimudu. Maneno hayo ni mapana ya kumtosha mbwa. Kanuni moja fupi, inayomwambia kondakta, mlinzi wa hospitali na mwenye mgahawa afanye nini akimwona mbwa mwenye koti la kazi, haihitaji bajeti. Wasioona wangefaidika nayo kwanza, na familia za usonji zingeikuta tayari siku mbwa wa kwanza atakapofunzwa hapa.

Nimalizie na swali ambalo wazazi hulisahau wakati wa kujaza fomu. Mbwa hufanya kazi miaka minane hadi kumi. Mtoto aliyempokea akiwa na miaka mitano atakuwa na kumi na minne mbwa akistaafu, na huyo ni kijana mwingine: mrefu, mwenye ndevu zinazoanza, aliyeacha mkanda miaka mingi nyuma. Familia nyingine huomba mbwa wa pili. Nyingine hukuta kwamba kijana anavuka barabara mwenyewe, na wanambakiza yule mzee kama mbwa wa nyumbani tu. Nyingine hazina nafasi ya mbwa wawili, na mzee anarudi kwa watu waliomlea utotoni. Uamuzi huo uanze kuzungumzwa mwaka wa saba, mtoto akiwemo katika mazungumzo, kwa picha kama hasemi, kwa sababu mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayomuumiza kuliko mabadiliko yenyewe, na yeye ndiye aliyelala chumba kimoja na mnyama huyo miaka yote.